Vivuli vya Ng'ombe wa Courvelle

Hasira za Odile Perrenet zilijulikana Courvelle nzima, na kwa kawaida watu walizicheka. Walisema alizaliwa amekunja ngumi. Walisema hata fahali wa meya alimpisha njiani. Lakini hasira aliyoipata mwaka ule mchoraji alipokuja haikumchekesha mtu, na haikupoa kwa miaka ishirini na miwili. Anayeona hilo ni jambo la ajabu, basi huyo hajawahi kusingiziwa kwa rangi za mafuta, ndani ya fremu ya dhahabu.

Odile ndiye aliyekuwa mchungaji wa kijiji. Tangu theluji inapoyeyuka mpaka inaporudi, kila alfajiri alisimama penye chemchemi akapuliza baragumu la marehemu baba yake. Wanawake walifungua milango ya mazizi, ng'ombe wakatoka mmoja mmoja, wakajipanga nyuma yake bila kusukumwa, sitini na wawili, wakapanda naye mlimani. Jioni aliwarudisha, na kila ng'ombe akakata kona kwenye mlango wa kwao. Ujira wake ulikuwa nafaka ya rai, pishi kadhaa kwa kila ng'ombe, na jibini moja kila nyumba wakati wa Noeli. Na nyumba. Hiyo nyumba ndiyo iliyokuwa kila kitu. Ilikuwa juu kabisa ya kijiji, mali ya kijiji: anayeshika baragumu ndiye anayelala humo, na anayenyang'anywa baragumu hutoka na kitanda chake siku hiyo hiyo. Odile alizaliwa humo. Mumewe alitolewa humo kwenda makaburini. Binti yake Sylvie, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa, hakujua mlango mwingine wa kuuita kwao.

Sasa kuna suala la bonde. Bondeni, kando ya mto, ndiko yanakoota majani ya kukata na kukausha kwa ajili ya majira ya baridi, na kila familia ina kipande chake. Ikifika sikukuu ya Bikira Maria ya mwezi wa tatu, meya huchomeka vijiti pembeni, kila kijiti kimefungwa kishungi cha mabua kichwani. Ukiona kishungi hicho, hata kama hujui kusoma, umeshaelewa: humu hazikanyagi kwato mpaka gari la mwisho la majani litoke. Mchungaji anayeingiza ng'ombe bondeni kabla ya hapo amewaibia watu wote kwa mkupuo mmoja. Haulizwi kwa nini. Hutoka.

Miaka mitatu baada ya mfalme kukimbia, mwezi wa sita, akaja Bwana Anselme Vautrey kutoka Paris. Alikuwa na ndevu zilizochanwa vizuri, mwavuli mweupe mkubwa kama hema, na sanduku la rangi ambalo hakumruhusu mtu alibebe. Alipanga chumba kwa Ferréol Maillot, meya wetu, aliyekuwa pia na nyumba ya wageni. Asubuhi mchoraji alipanda mlimani kuchora ng'ombe, na siku ya tatu akamtaka mchungaji naye.

"Simama hapo hapo, mama. Shika fimbo. Usitabasamu."

"Nani kakwambia nilitaka kutabasamu?"

"Vizuri sana. Baki hivyo hivyo."

"Mpaka lini? Yule mweupe anaelekea korongoni."

"Dakika mbili tu."

"Za kwako au za ng'ombe?"

Vautrey hakucheka. Hakuwa mtu wa kucheka akiwa kazini. Odile alisimama dakika zake mbili, zikawa nusu saa, na mweupe akalazimika kuvutwa kutoka korongoni kwa kamba. Mchoraji hata shukrani hakutoa. Alipuliza karatasi yake ikauke, akakunja mwavuli, akashuka.

Jioni alikwenda bondeni. Huko alichora miti mirefu minne iliyo ukingoni mwa mto, na ili aipate vizuri aliingia na kigoda chake hadi katikati ya kipande cha Bazile Cuenot, majani yakimfika magotini. Aliingia jioni kumi na moja mfululizo, akienda mbele na kurudi nyuma, akifumba jicho moja. Odile alimwona kila alipokuwa akirudisha kundi, naye hakukaa kimya.

"Bwana! We bwana wa mwavuli! Hayo unayoyakalia ni majani ya mtu!"

Vautrey alivua kofia, akampungia, akaendelea kuchora.

Bazile alipokuja kukata alikuta nusu ya kipande chake imelala chini. Alikuwa mtu mgumu, mwenye kuweka vitu moyoni. Alilalamika mara moja tu, kwa sauti ndogo, kisha akanyamaza akisubiri kujua ni nani.

Picha ilimalizikia chumbani kwa Maillot, mlango umefungwa. Siku ya Kupalizwa Bikira Maria, baada ya misa, mchoraji akaishusha ukumbini na kuiegemeza ukutani. Kijiji kizima kikajazana pale. Na bila kumwonea mtu, ilikuwa picha nzuri. Kulia ulikiona kinu, kushoto mnara wa kanisa, katikati mto na ile miti minne, na mbele yake ng'ombe kumi na wawili na mwanamke mwenye fimbo. Watu walishangilia walivyowatambua.

"Hee! Si Roussette wangu huyu! Na pembe yake ile iliyopinda!"

"Na wa kwangu huyu hapa! Jamani, kanenepa!"

"Mama Odile naye kanuna mpaka kwenye picha!"

Odile mwenyewe alikuwa nyuma, mlangoni, anaona vichwa vya watu tu na kipande cha mbingu. Alicheka pamoja nao. Kisha akaona kicheko kinafifia kuanzia mbele kuja nyuma, na vichwa kimoja kimoja vinageuka kumtazama. Bazile Cuenot alikuwa amenyoosha kidole, kinakaribia kugusa rangi.

"Hiki ni nini?" akauliza.

Kilikuwa kishungi cha mabua juu ya kijiti. Vautrey alikikuta bondeni, akapenda unjano wake, akakiweka kwenye picha vizuri kabisa, mbele, ng'ombe wakiwa wamesimama nyuma yake katika majani marefu ambayo hayajakatwa. Asingekichora, watu wangesema ni majani yaliyoota upya, bonde la mwezi wa kumi, limeshafunguliwa, basi. Lakini alikiweka. Mtu wa Paris aliona doa zuri la njano. Sisi tuliona wizi.

"Ng'ombe kumi na wawili," Bazile akasema. "Ndani ya majani yangu. Na mwizi kasimama katikati yao na fimbo, wala haoni haya."

Odile alimwambia Bazile mambo yasiyofaa kusemwa siku ya Bikira Maria. Alimwita mnafiki, akamwita mwana wa mnafiki, akauliza kama mwaka huu amekula majani au ameyavuta. Haikusaidia. Meya Maillot, aliyempenda Odile na kuipenda picha vilevile, akasema baraza la kijiji litakaa Jumapili ijayo, na mpaka hapo watu watulie.

Jumatatu Odile hakusubiri. Alimwachia Sylvie kundi, akapanda ngazi za nyumba ya wageni akiwa na viatu vyake vya mbao, akaingia bila kubisha hodi. Vautrey alikuwa anakunywa kahawa.

"Ng'ombe walikuwa mlimani," Odile akasema. "Unajua, ulikuwepo. Uliwachorea mlimani asubuhi, ukaja kuwabandika bondeni."

"Ndiyo, mama. Niliviunganisha. Mlimani hakuna maji, na picha ilihitaji maji."

"Na mimi nahitaji nyumba. Nenda kwa meya ukamwambie. Maneno matatu tu: ng'ombe hawakuwa bondeni."

Mchoraji akaweka kikombe chini taratibu. "Huelewi. Mimi Paris najulikana kwa jambo moja. Wengine hukaa chumbani wakatunga. Mimi huchora nilichokiona, mbele ya macho yangu. Nikisimama barazani kwenu nikasema nimetunga, na picha yenyewe inaenda kwenye maonyesho..."

"Nani atakayewaambia huko Paris? Bazile?"

"Mambo husafiri."

"Kwa hiyo mimi nilale nje na mwanangu, ili wewe usafiri vizuri?"

"Watatulia tu," Vautrey akasema. "Watu wa mashambani hukasirika, kisha husahau."

Odile alimgeuzia mgongo. Kisha akashuka. Baadaye alisema kwamba kikombe kile cha kahawa kingekuwa cha udongo angekipiga teke, lakini kilikuwa cha Hortense, mke wa meya, na Hortense hakuwa na kosa.

Jumapili baraza lilikaa, wanaume saba, meya katikati. Wanawake walisimama nyuma kwa sababu hawana kura, ila wana masikio. Picha ilikuwa palepale ukutani. Mchoraji alikaa dirishani na glasi yake.

"Bwana Vautrey," meya akasema, "swali ni jepesi. Ng'ombe walikuwa bondeni, au hawakuwa?"

"Bwana Meya, mimi huchora ninachokiona."

Alisema hivyo tu, na akatazama nje. Hakudanganya hata neno moja, hilo ndilo lililouma zaidi. Bazile akagonga meza, wanaume wawili wakatikisa vichwa, mwingine akauliza Odile ana jamaa kijiji gani, atakwenda kulala wapi. Walishamaliza.

Odile alijisukuma mbele ili amtemee mate mchoraji. Huo ndio ukweli, hakuwa na mpango mwingine. Lakini kumfikia ilibidi apite mbele ya picha, na ndipo alipoitazama kwa mara ya kwanza kwa karibu. Akasimama.

"Hortense," akaita. "Njoo hapa. Wewe unakamua. Kiwele cha Roussette hapo kikoje?"

Hortense akaja, akainama. "Kitupu. Kimenywea."

"Na Roussette huwa mtupu saa ngapi?"

"Asubuhi, nikishamkamua. Jioni huwezi hata kumsogelea, kimefura."

"Wanaume, mmesikia? Maana nyinyi hamkamui. Sasa vivuli vya hao ng'ombe vinaangukia wapi?"

"Upande wa kanisa," meya akasema.

"Na jua la asubuhi linatoka wapi?"

"Nyuma ya kinu. Lilishawahi kutoka kwingine?"

"Basi ni asubuhi. Ng'ombe wake ni wa asubuhi, na viwele vitupu, na vivuli kwenda kanisani. Haya, itazameni miti. Kivuli cha miti kimelalia wapi?"

Wanaume wakainama kuitazama. Kivuli cha miti minne kilikuwa kimelala kirefu kuelekea kinuni, kivuli cha jioni.

"Majua mawili!" Odile akapiga kelele. "Bwana huyu ana majua mawili, moja la ng'ombe na moja la miti! Asubuhi kachora mlimani, jioni kachora mtoni, kaja kuvishona huku ndani! Na majani yako, Bazile, yamelazwa na makalio ya huyu. Jioni kumi na moja. Nilimpigia kelele mpaka sauti ikakauka."

Bazile alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. Akatazama ng'ombe, akatazama miti, akatazama tena. Alikuwa mgumu lakini hakuwa mwongo.

"Kweli," akasema.

Wanawake nyuma wakaanza kucheka, na kicheko kikaenea ukumbi mzima. Baragumu lilibaki kwa Odile. Vautrey alikuwa amewiva uso mpaka masikioni. Hakumwomba mtu radhi. Alitoa kidaftari mfukoni, akainama, akaandika mistari michache, akakirudisha. Odile alidhani ni haya. Miaka mingi baadaye, akikumbuka kidaftari kile, alikuwa akijipiga paji la uso kwa kiganja.

Jumanne mchoraji akaondoka na picha yake. Yale maneno matatu hakuyasema.

Miaka ikaenda. Waprusia walikuja, wakala nguruwe wetu, wakaondoka. Maillot alifariki, na wazee wenzake wa baraza nao. Bazile alipatwa na kiharusi, akakaa miaka minne bila kusema vizuri kabla ya kuzikwa, na katika miaka hiyo hadithi aliyomwachia mwanawe ilikuwa nusu: kwamba Odile alionekana na ng'ombe bondeni, katika picha. Ile nusu nyingine, ya lile neno moja alilolisema mbele ya watu, haikutoka mdomoni. Mwanawe, Théodule, ndiye aliyekuwa meya sasa. Odile nyonga ilishamkamata. Kwa misimu miwili Sylvie ndiye aliyepanda na kundi, ingawa baragumu lilikuwa bado kwa jina la mama yake.

Na picha ilikuwa imepata medali. Mwalimu wa shule alisoma gazetini kwamba Vautrey amesifiwa kuliko wote kwa ukweli wa mwanga wake. Mchoraji, sasa mzee wa heshima, akatuma nakala iliyochapwa, kubwa, iwe zawadi kwa kijiji cha Courvelle. Kioo kilivunjika njiani, lakini karatasi ilifika salama, wakaitundika kwenye chumba cha baraza bila kioo. Odile alizisikia habari hizo penye chemchemi.

"Waacheni waitundike," akasema. "Nendeni mkaone mtu mwenye majua mawili."

Hakwenda kuitazama. Ngazi zilimshinda, tena alijua kilichomo.

Mwezi wa nne, siku moja kabla ya ng'ombe kutolewa, baraza likakaa kuandikisha mchungaji mpya. Sylvie aliomba baragumu. Prosper, binamu yake Théodule, naye aliomba, kijana ambaye ng'ombe aliwajua kwenye sahani. Odile alipanda zile ngazi akiwa ameshikwa mkono na Hortense, mjane wa Maillot.

"Mama Odile," Théodule akaanza kwa upole wa watu wanaotaka kukuumiza, "hatuna ugomvi na wewe. Umri wako tunauheshimu. Lakini kazi hii ni ya uaminifu, na mtoto hujifunza kwa mzazi. Kila mtu hapa anajua habari za bonde."

"Habari gani za bonde?"

"Hiyo hapo ukutani. Imetoka Paris, ina medali. Ng'ombe, majani, kishungi. Na wewe mwenyewe."

Odile akacheka. Alicheka kwa raha kabisa, kama mtu anayemwona mwenzake anakanyaga pale pale alipoambiwa asikanyage. "Wewe mtoto wa Bazile, baba yako alisimama kwenye picha hiyo akasema 'kweli', na watu wakasikia. Nilimwomba mchoraji maneno matatu, ng'ombe hawakuwa bondeni, akaninyima. Lakini picha yake ilimsema yenyewe. Tazama vivuli."

Théodule akatazama. Wenzake wakainuka, wakatazama.

"Vivuli vina nini?"

"Vya ng'ombe kanisani, vya miti kinuni! Huna macho?"

"Mama, vyote vinaangukia kinuni."

Odile akasogea. Hortense akamshikilia. Vyote vilikuwa vinaangukia kinuni. Kivuli cha Roussette, cha mweupe, cha wote kumi na wawili, cha mwanamke na fimbo yake, vyote virefu, laini, vya jioni moja, chini ya jua moja. Na viwele vilikuwa vimejaa. Mchoraji alikuwa amevijaza, kimoja kimoja, mpaka chuchu zimesimama.

Kidaftari. Ndipo alipoelewa kidaftari kile. Wakati yeye anajitetea na nyumba yake, yule bwana alikuwa anapokea somo. Odile alimwonyesha kila mshono wa uongo wake, naye akaenda Paris akaushona upya usionekane, akapewa medali kwa ukweli wa mwanga. Mwanga huo ulikuwa wa Odile. Na sasa uongo ulikuwa ukutani, hauna pa kushikwa, na binti yake alikuwa anatolewa nyumbani kwa ushahidi ambao mama yake mwenyewe aliusahihisha. Damu ilimpanda mpaka akaacha kusikia maumivu ya nyonga.

Alikwenda kwenye jiko la kona, akafungua mlango wake, akachagua kipande cha mkaa kilichozimika. Akarudi kwenye picha. Akaanza kuchora chini ya ng'ombe wa kwanza, kwa nguvu, kivuli cheusi kuelekea kanisani. Kisha wa pili.

"Mama! Hiyo ni mali ya kijiji!" Théodule akafoka.

"Na mimi ni mali ya nani?" Akachora wa tatu, wa nne. Vumbi jeusi lilimwagika kwenye fremu. Hakukosea upande hata mara moja. Alipofika wa kumi na mbili akajichorea na chake, akaweka mkaa juu ya meza mbele ya meya. "Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hortense, sema."

Hortense alikuwa mwoga maisha yake yote, kila mtu anajua. "Ndivyo ilivyokuwa," akasema. "Nilikamua mimi. Roussette alikuwa mtupu."

"Mama Hortense, huna kura," Théodule akamwambia.

Mikono mitano kati ya saba ikamwinukia Prosper. Jioni hiyo hiyo meya mwenyewe alipanda kuchukua baragumu, na Odile akaambiwa kesho jua likipanda awe ametoka.

Asubuhi Prosper alisimama penye chemchemi, akapuliza. Sauti ilitoka, siyo nzuri, lakini ilitoka. Ng'ombe, waliokuwa wamefungiwa tangu theluji ya kwanza, waliisikia wakaanza kulia kijiji kizima. Hakuna mlango uliofunguka. Prosper akapuliza tena, mpaka uso ukawa zambarau. Mbele ya zizi lake Hortense alikuwa amekaa kwenye kigoda cha kukamulia, mgongo mlangoni, anafuma soksi. Jirani yake akatoka, akamtazama, akarudi ndani, akatoka na kigoda chake. Kisha wa tatu. Habari za viwele zilikuwa zimezunguka usiku huo kwa wanawake wote wanaokamua, na hakuna aliyehitaji kuelezwa mara mbili.

Wanaume walifoka. Mmoja akashika komeo la zizi lake.

"Fungua," mkewe akamwambia bila kuinua macho. "Ukifungua, jioni utakamua mwenyewe."

Akaliachia.

Kufika adhuhuri makelele ya ng'ombe yalikuwa hayavumiliki, majani makavu yamekwisha ghalani, na Prosper amekwenda kujificha kwa mama yake. Théodule Cuenot akapanda kilima, kofia mkononi, baragumu kwapani. Kitanda cha Odile kilikuwa tayari uani, na kabati, na sufuria zimefungwa kwenye shuka. Sylvie alikuwa anazima moto wa mwisho. Mama yake amekaa juu ya kitanda.

"Chukueni," Théodule akasema, akinyoosha baragumu. "Sylvie apige. Yaishe."

Odile hakunyoosha mkono. "Sema kwanza."

"Niseme nini, mama?"

"Unajua. Ulikuwa umekaa pale nilipoyataja."

Meya alitazama chini kijijini. Wanawake walikuwa wamesimama milangoni, nyuso zimeinuliwa huku juu. Akatazama viatu vyake.

"Ng'ombe hawakuwa bondeni."

"Viatu vyako vimesikia. Sasa geuka, waambie na wale."

Akageuka. Ilibidi apige kelele, kwa sababu ng'ombe walikuwa wanalia. "Ng'ombe hawakuwa bondeni!"

Odile akalipokea baragumu, akampa Sylvie, na Sylvie akashuka nalo. Mlio wake ulipanda, ule wenyewe, na milango ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Théodule alijitolea kuingiza kitanda ndani, akaambiwa akiache. Odile alibaki amekaa juu yake peke yake, viganja vyake vikiwa bado vyeusi kwa mkaa, akalia kwa hasira mpaka mabega yakatikisika. Yule aliyepaswa kuyasema maneno yale alikuwa Paris, mzima wa afya, na huko hakuna aliyemfungia mlango.